Vifaa vya kupanda vilima vya mchanga: nimevipima kwa dakika za kungojewa

Psssss. Umeisikia hiyo? Ni matairi ishirini na manne ya magari sita, yanatolewa upepo kwa pamoja, alfajiri, pale barabara inapoishia na mchanga unapoanza. Kwa sisi wenye ugonjwa huu wa vilima, hiyo ndiyo filimbi ya kuanza.

Karibuni watazamaji wangu. Sasa ni jioni, nina mchanga mpaka kwenye kope, nimekaa kwenye bampa ya gari langu na nyuma yangu hapo mnaviona vilima vyenyewe. Leo nachambua mzigo wote nilioingia nao: vizibo vya kupunguzia upepo, vibao vya kujinasulia, kamba ya kuvutia, beleshi, bendera, redio na pampu ya upepo. Chapa sitaji. Kila kitu nimekinunua mwenyewe, isipokuwa pampu moja ya kuazima, na hiyo ina habari yake. Nitaifikia.

Kipimo changu ni kimoja tu, na nakuomba ukishike kwa sababu ndicho nitakachotumia mpaka mwisho. Ukienda peke yako, kifaa kibovu kinakutesa wewe. Ukienda kwa msafara, wewe ukikwama, magari matano yanasimama juu ya migongo ya mchanga, jua la utosi, watu wanakutazama. Kwa hiyo siulizi kifaa kinang'aa kiasi gani. Nauliza: kimewaweka wenzangu juani dakika ngapi?

Tuanze na hivi vidude vidogo, ngoja nivisogeze kwenye kamera. Vinne, vya shaba, kila kimoja si kikubwa kuliko kifundo cha kidole. Unakizungusha kwenye valvu ya tairi, upepo unatoka wenyewe, ukifika kiwango ulichokitega kinajifunga. Vyangu nimevitega PSI 15 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), yaani karibu bar moja. Barabarani gari hili linatembea na 34.

Kwa nini kushuka hivyo? Watu hudhani tairi likilegea linakuwa pana. Linapanuka kidogo, sawa, lakini hasa linakuwa refu. Ule wayo unaogusa chini unavutika kwenda mbele na nyuma, gari linakuwa kama linatembea kwa nyayo ndefu za ngamia badala ya visigino. Uzito ule ule, ila umetandazwa. Kwenye 34 unachimba. Kwenye 15 unaelea. Nimeona gari lenye injini kubwa kuliko zote msafarani likizama mpaka kwenye mlango kwa sababu mwenyewe aliona uvivu kutoa upepo, na kigari kidogo nyuma yake kikapita pembeni kama kinakwenda sokoni.

Sasa kasoro. Vizibo vitatu vilijifunga kwenye 15 barabara. Cha nne kikaniacha na 11. Nisingekuwa na geji ya mkono nisingejua, na 11 si pa kuchezea: ukikata kona kwa kasi, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Watu hushuka mpaka 12, hata 10 wakiwa wamekwama kabisa, lakini hapo unatambaa, hukimbii. Kwa hiyo vizibo nunua, na geji nunua pia. Halafu pima asubuhi tairi likiwa baridi, maana likishazunguka na kupata joto geji itakusomea juu, utatoa upepo zaidi bila sababu.

Iko aina nyingine inayochomoa moyo wa valvu, kile kipini cha ndani kinachozuia upepo, ili upepo utoke kwa nguvu. Ina kasi, nakiri. Lakini ule moyo ni kidude kidogo sana, na wewe umesimama juu ya mchanga usio na mwisho. Ukikuponyoka, kuutafuta ni kazi ya kutwa. Mimi nabaki na vizibo vyangu. Vinafanya kazi vyote vinne kwa wakati mmoja, na dakika hizo mimi nafunga mizigo. Dakika nilizowacheleweshea wenzangu: sifuri.

Bendera na redio nitavipita haraka, havina maajabu, ila bila hivyo usiingie. Bendera ni mlingoti mrefu unaonyumbuka, na kitambaa cha rangi kali juu. Kazi yake ni kuonekana upande wa pili wa kilima kabla gari halijaonekana. Kule Imperial Sand Dunes, California, ni sheria kabisa: bendera isimame futi 8 kutoka chini, kama mita 2.4. Ukishawahi kukaribia kilele ukaona kitambaa kinachomoza kutoka ng'ambo, kinakujia, huhitaji sheria tena.

Redio, chukua ya mkononi yenye kitufe kikubwa unachoweza kukibonyeza bila kukitazama. Vilima vinaziba mawimbi, kwa hiyo usitegemee maneno ya masafa kwenye boksi. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: anayepanda anapanda peke yake, aliye nyuma anasubiri chini mpaka asikie. "Namba mbili nimevuka, njia nyeupe. Namba tatu, njoo." Usiposikia "nimevuka", hukanyagi mafuta. Mzee aliyetuongoza alikuwa mkali kwa hilo, na alikuwa na haki, kwa sababu upande wa pili wa kilele usiouona ndio ule mchanga unaoporomoka wenyewe. Upande unaopigwa na upepo huwa na mteremko wa taratibu na mchanga ulioshikana. Upande wa kisogo unasimama kwa nyuzi 30 hadi 34, ndiyo mwisho wa mchanga mkavu kujishikilia. Unashuka umenyooka, gia ya chini, breki huzigusi. Ukikata kona mle katikati, gari linabiringika. Na mtu akiwa amekwama hapo chini na wewe unaruka kutoka juu... basi, mmeelewa.

Vibao sasa. Hivi vyekundu viwili. Vina urefu wa mita moja na kidogo, plastiki ngumu ya nailoni, vimejaa meno. Unafukua mbele ya tairi, unakichomeka chini yake kwa mlalo, unaondoka polepole. Wazo lenyewe ni la zamani. Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza, miaka ya 1920 alivuka majangwa ya Misri na Libya na vigari vya Ford akitandika mabati ya chuma chini ya magurudumu, na matairi ameyapunguza upepo vile vile kama sisi leo alfajiri. Mwaka 1940 akaunda kikosi cha jangwani cha Long Range Desert Group kwa ujuzi huo huo. Kwa hiyo mtu akikuuzia vibao kwa maneno ya "uvumbuzi mpya", mcheke kwa adabu.

Leo vimetumika mara tatu. Mara mbili vilitutoa ndani ya dakika kumi, kufukua kumo humo. Lakini tazama hapa, nasogeza kamera: meno ya huku yameyeyuka. Aliyeyayeyusha si mimi mwenye vibao, ni kaka yetu wa gari namba tano niliyemwazima. Alikanyaga mafuta tairi likazunguka bila kusonga, na tairi linalozunguka juu ya plastiki ni jiko. Sekunde chache tu. Wakiazima tena nitakaa mimi mwenyewe kwenye usukani. Jambo jingine, fungeni utepe mrefu kwenye tundu la kibao. Gari likitoka linakizika, na kukitafuta kwa beleshi ni aibu mbele ya watu.

Mara ya tatu vibao havikufaa kitu. Na ilikuwa zamu yangu kukwama.

Nilikuwa namba nne. Magari matatu yaliyotangulia yalishachimbua njia ya kupandia, ile nyayo nzuri ya kwanza imekuwa mchanga laini uliovurugika. Nikafika karibu na kilele, nikasita. Kusita kule ni kosa langu, si la mchanga: uwe na mwendo wa kutosha kuvuka au uache mafuta mapema urudi nyuma umenyooka kwa njia ile ile uliyopandia. Mimi sikufanya moja wala lingine. Gari likakaa tumbo kwenye mgongo wa kilima, magurudumu ya mbele yananing'inia upande ule, ya nyuma upande huu. Jaribu kuchomeka kibao chini ya tairi lisilogusa chini, unione.

Hapo ndipo beleshi, kifaa cha bei rahisi kuliko vyote kwenye video hii, lilipopata heshima yake. Mpini mrefu. Narudia, mpini mrefu, kwa sababu mchanga uko chini ya tumbo la gari na vile vibeleshi vya kukunja havifiki. Dada namba sita alipanda kwa miguu na lake, akaanza upande wa pili bila kuombwa. Dakika ishirini na tano tulifukua. Dakika ishirini na tano za magari matano. Hizo ni zangu, sikibebeshi kifaa chochote.

Tukamalizia kwa kamba. Hii hapa, ishike macho: nene, mita 9, nailoni iliyosukwa. Siri yake ni kuvutika. Nailoni ya namna hii inaweza kunyumbuka hadi kama asilimia 30, kwa hiyo mita 9 zinakaribia 12. Gari linalovuta linaondoka taratibu, kamba inajaa nguvu kama manati, kisha gari lililokwama linachomoka laini. Huo mkanda bapa wa kuburutia gari barabarani haunyumbuki. Ukiutumia kwa kishindo mchangani, kishindo chote kinakwenda kwenye fremu ya gari, na kinatafuta pa dhaifu.

Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ni kifaa pekee kati ya hivi kinachoweza kuua. Kamba imenitoa kwa sekunde nne. Nne! Kwa kipimo changu cha dakika ingepata alama zote. Lakini kabla ya hizo nne tulitumia dakika nane kufunga, na nisingepunguza hata moja. Usifunge kwenye kile kirungu cha chuma cha kuvutia trela. Hakikutengenezwa kwa mvuto wa ghafla. Kikikatika kinaruka kama risasi kupitia kioo, na watu wamekufa hivyo. Funga kwenye ndoano au tundu lililoungwa kwenye fremu kwa kazi hiyo. Badala ya pingu za chuma natumia hivi vitanzi vya kamba, vyepesi, vikikatika haviruki na uzito wa chuma. Tupia blanketi au mkoba mzito katikati ya kamba. Watu wote wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba, wala si kwenye mstari wake. Mwenzetu mmoja alitaka kupiga picha akiwa katikati. Mzee hakumjibu kwa redio, alizima gari akashuka. Tukamngoja kijana aondoke.

Kamba naipa tisa kwa kumi. Ile moja nimeikata kwa sababu kile kijitabu kilichokuja nayo kinaonyesha mchoro wa gari limefungwa kwenye kirungu cha trela. Sijui nani aliuchora.

Nimebakiza pampu, na ndiyo imenikasirisha. Mchana wote unaweza kusamehe, lakini jioni huwezi kurudi barabarani na PSI 15. Tairi lililolegea kwenye lami kwa kasi linapata joto mpaka linapasuka. Kwa hiyo kila mtu anajaza, na asiyejaza anawangojesha waliochoka. Pampu yangu ni hii ndogo, boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya magari ya jangwani. Tairi la kwanza, dakika saba. La pili, dakika nane na nusu. La tatu lilipofika 22 ikanyamaza. Imejizima kwa joto. Kujizima si ubaya, inajikinga isiungue, lakini pampu ya matairi manne inayochoka kwenye la tatu ni pampu ya baiskeli iliyovaa koti. Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, niliibana moja kwa moja kwenye betri kwa klipu, sikuichomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, fyuzi ya pale haiuwezi umeme wa pampu kama hizi.

Ukinunua, usisome PSI 150 walizoandika kwenye boksi, huhitaji 150. Soma mambo mawili: lita ngapi kwa dakika, na inaweza kukimbia dakika ngapi kabla ya kupumzishwa. Kama hilo la pili hawakuliandika, irudishe kwenye rafu.

Hii nyingine mnayoisikia ikinguruma nyuma yangu ni ya dada namba sita, ya silinda mbili, dakika mbili na nusu kila tairi. Dakika kamili nilizowangojesha kwa sababu ya pampu yangu: thelathini na moja, kuzidi kule kufukua kileleni. Lile la nne limefika... 32... 33... haya, 34. Ngoja nizime kamera nimrudishie, maana kumbe gari lake mwenyewe bado liko kwenye 15.