Aronde au hirondelle: ndege mmoja, maneno mawili

Mbayuwayu ana majina mawili katika Kifaransa, yote yakitoka kwa hirundo la Kilatini. Aronde ndilo kongwe. Lilikuwa jina la kawaida katika Kifaransa cha kale. Hirondelle lilikuja baadaye, karne ya 16, na asili yake huelezwa kuwa ni Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, ambako walisema irondela. Ile -ela ya mwisho ni kiambishi cha udogo.

Leo ukimwona mbayuwayu juu ya paa la Paris, sema hirondelle. Hilo ndilo lililomo hata katika methali yao: une hirondelle ne fait pas le printemps, mbayuwayu mmoja haleti majira ya kuchipua. Ukisema aronde, utaeleweka na wachache.

Lakini mimi nalipenda zaidi aronde, kwa sababu halikufa, lilihamia karakana. Mafundi seremala huita queue d'aronde, yaani mkia wa mbayuwayu, ule unganisho wa droo ambao ncha ya ubao hupanuka kama mkia uliogawanyika, ikashika bila msumari. Hapo hirondelle halitumiki kwa kawaida. Na mwaka 1951 kampuni ya Simca, ambayo nembo yake ilikuwa mbayuwayu, iliipa gari lake jipya jina la Aronde.

Kwa hiyo anayejifunza Kifaransa aanze na hirondelle. Aronde linaweza kusubiri hadi atakapofungua droo ya kabati la zamani.