Uzoefu wangu: kuchapisha ua la Usambara kwenye pamba na karatasi ya ukutani

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza ninaloulizwa. Kwenye karakana ya uchapaji ninayoitolea maoni hapa, pamba iliyochapwa ni shilingi 22,000 kwa mita, kitambaa kikiwa chao. Karatasi ya ukutani ni 28,000 kwa mita ya mraba. Kipande cha kujaribia ni 5,000. Hiyo 5,000 ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote, na nusura nisiitoe.

Nasoma usanifu wa nguo hapa Dar es Salaam, niko mwaka wa mwisho. Mradi wangu ni michoro ya mapazia na karatasi za ukutani iliyotokana na mimea ya milima ya Usambara Mashariki: kangaga linavyojikunja likiwa changa, kuvu kwenye magome, na hasa lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, kando ya vijito. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia ionantha, na leo limejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Kwa mama mdogo kule Muheza, ukimtajia ua hilo kwa jina lolote, atakuuliza kwanza kama linaliwa.

Nilikaa Amani, huko huko Usambara Mashariki, siku mbili na penseli. Petali ni tano, mbili za juu ndogo kidogo kuliko zile tatu za chini, na katikati kuna njano kama punje mbili za mchele uliotiwa bizari. Majani ni manene na yana vinyweleo vinavyoshika mwanga. Kuvichora vinyweleo hivyo kulinimalizia usiku wa tatu na wa nne, nikiwa nimesharudi mjini.

Mchoro niliumalizia kwenye Krita, programu ya bure, na kwa kazi hii sijaona sababu ya kununua nyingine. Ukibonyeza W, turubai inajirudia pande zote, kwa hiyo jani linalotokea kulia unaliona hapo hapo likiingilia kushoto. Mwanzoni nilipanga kipande changu, yaani mchoro mmoja unaorudiwarudiwa, kama vigae vya sakafuni, kimoja kando ya kingine. Ukikiangalia kwa karibu ni kizuri. Rudi nyuma hatua tatu uone: maua yamejipanga kama wanafunzi mstarini asubuhi. Nikashusha kila safu ya wima ya pili kwa nusu ya urefu wa kipande, na mistari ikapotea. Kanga haina tabu hii, kwa sababu ina pindo, ina mji na ina jina, jicho linajua pa kutua. Pazia ni ua baada ya ua mpaka chini.

(Nilijifariji nilipojifunza kwamba William Morris, mwaka 1862, alipochora ule mchoro wake wa karatasi ya ukutani wa waridi zilizopanda kwenye fito, ndege waliomo alimwachia rafiki yake Philip Webb awachore. Mbega aliyemo kwenye mchoro wangu amechorwa na mwenzangu wa darasani, nami sioni haya kusema.)

Sasa uchapaji. Kiwanda cha kanga hakiwashi mashine kwa ajili ya mita tatu za mwanafunzi, kwa hiyo tunabaki na karakana ndogo za mashine za kidijitali. Nimekwenda mbili. Majina siyataji: ya kwanza nina hasira nayo, ya pili bado naihitaji.

Ile ya kwanza nilipeleka pamba yangu mwenyewe, nzuri, ya kununua Mtaa wa Uhuru. Dada wa mapokezi akaipokea, akachukua hela, baada ya siku mbili nikapewa kitambaa chenye rangi iliyofifia kidogo. Nikasema labda ndivyo ilivyo. Nilipokiosha mara ya kwanza, beseni likawa la zambarau na kitambaa kikabaki na kivuli cha maua. Baadaye ndipo nikaelewa: wanachapa kwenye karatasi kwanza, kisha wanakandamiza kwa joto ili wino ugeuke mvuke na kuingia kwenye nyuzi. Njia hiyo ni ya poliesta. Jezi za timu zinachapwa hivyo na zinadumu. Kwenye pamba wino haushiki, unakaa juu tu ukisubiri maji. Aliyepokea pamba yangu alikuwa na sekunde mbili za kuniambia. Kwa hiyo ukifika kaunta popote, kabla ya kuuliza bei uliza: wino wenu ni wa kitambaa gani?

Karakana ya pili ndiyo hasa ninayoitolea maoni. Wanatumia wino wa pigmenti unaochapwa moja kwa moja kwenye pamba, halafu kitambaa kinapitishwa kwenye joto ili rangi ikamate. Wanaomba faili la picha la aina ya TIFF, nukta 150 kwa inchi, na ukubwa halisi wa kipande. Mimi niliwapelekea nukta 300 nikidhani nawaheshimu. Kijana wa mashine akacheka, akasema kitambaa hakioni tofauti, kompyuta yake ndiyo inayoumia.

Huyo kijana ndiye sababu ya nyota zangu nne. Aliufungua mchoro, akaniangalia, akasema, "Dada, hii rangi haitoki." Mimi nikaona ananikwepa. Kwenye kompyuta yangu ua lilikuwa na ile zambarau inayoelekea bluu, inayong'aa kama ina taa ndani. Akanieleza kwamba kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, yeye ana wino, na zambarau ya namna hiyo ni kati ya rangi zinazosumbua sana: ukizidisha samawati inakuwa bluu, ukizidisha majenta, ile nyekundu inayoelekea waridi, inakuwa rangi ya juisi ya rozela, na ukizitia zote kwa wingi inakuwa giza. Akanishauri nilipie sampuli. Nikatoa 5,000 kwa shingo upande.

Tulichokifanya ni hiki. Nilitengeneza ukurasa wa miraba 60, kila mmoja zambarau tofauti kidogo na ina namba yake, tukauchapa kwenye pamba ile ile nitakayoitumia. Nikatoka nao nje, nikauangalia juani, kisha chini ya mwembe. Ile niliyokuwa nayo kwenye mchoro ilitoka kama wino wa kalamu ulioloa. Mraba wa 37, ambao kwenye kompyuta ulionekana mchovu na wa kijivukijivu, ndio uliokuwa ua la Amani. Nikabadilisha faili zima nikifuata kitambaa, kompyuta nikaiacha iseme inavyotaka. Kijani cha majani hakikutaka mabadiliko makubwa. Njano ilitoka sawa mara ya kwanza.

Nikachapa mita tatu. Nimeziosha mara tatu kwa maji baridi na rangi ipo. Ukisugua kwa kitambaa cheupe kilicholoa inaacha alama kidogo, kwa hiyo kwa mto wa kochi ningefikiria mara mbili. Kwa pazia hainisumbui. Pamba imekuwa ngumu kidogo mkononi pale palipo na rangi nzito. Imenywea pia, karibu sentimita nne kwa mita, na hilo hawakunitahadharisha. Waliniahidi siku tatu, nikapata siku ya saba, baada ya kupiga simu kila asubuhi kama mdai wa kodi.

Upande wa karatasi ya ukutani kosa lilikuwa langu. Wanachapa kanda za upana wa sentimita 53, kama roli nyingi za Ulaya. Kipande changu kilikuwa sentimita 64 kwa 64, nilikipanga kwa ajili ya kitambaa, kwa hiyo upana ulikuwa haukai kabisa. Nikafikiri nibane upana tu, urefu niuache. Fundi wa kubandika ndiye aliyenizuia, na futi yake mkononi. Ukuta wa maonyesho una kimo cha mita 2.60. Ili maua yakutane, kila ukanda unakatwa kwa vipande kamili: vitano vya sentimita 64 ni mita 3.20, na sentimita 60 zinakwenda kwenye takataka, kila ukanda. Nikikipunguza kuwa 53 pande zote, vitano ni mita 2.65. Sentimita tano tu, za kusawazisha juu na chini. Nilichora upya usiku ule ule.

Na kwa kuwa safu yangu inashuka nusu, alifungua roli mbili kwa pamoja: moja ya ukanda wa kwanza, wa tatu na wa tano, nyingine ya zile kanda za katikati yake. Angetumia moja angepoteza nusu kipande kila anapokata. Hayo chuoni sikuyasikia.

Karatasi yenyewe sina la kulalamika. Maungio hayaonekani mpaka uyatafute kwa kidole, na zambarau imetoka nzuri kuliko kwenye pamba. Rangi za faili ni zile zile.

Mita moja ya pamba niliipeleka Muheza. Mama mdogo aliifungua, akaigeuza huku na huku, akaitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Nzuri. Mbona haina jina?"

"Si kanga, mama. Ni pazia."

Akaikunja taratibu, akaiweka kwenye sanduku pamoja na kanga zake.