Nimelipia Judy Garland, nimepewa Sinatra

Kuna duka la kuwekea nyimbo kwenye flashi huku Sinza, jina silitaji. Ukitaka singeli au bongo fleva nenda, hutajuta. Ila kama una wimbo wako unaoujua neno kwa neno, pita mbali.

Niliagiza "Have Yourself a Merry Little Christmas", ule wa Judy Garland kwenye filamu ya Meet Me in St. Louis ya 1944. Hadi jina nikamwandikia kijana kwenye karatasi. Nafika nyumbani, nachomeka flashi kwenye TV, kwenye kioo pameandikwa Judy Garland, inatoka sauti ya mwanamume. Frank Sinatra! Na anaimba eti tutundike nyota tawi la juu kabisa.

Nyota gani? Judy hakuimba nyota. Mle anambembeleza mdogo wake, baba kaamua wahamie New York na mtoto hataki. Anamwambia hadi watakapokuwa pamoja tena itabidi wajikongoje hivyo hivyo. Wimbo wote uko hapo! Na hapo ulishapunguzwa makali, maana mtunzi wake, Hugh Martin, mwanzoni aliandika kwamba huenda hii ndiyo Krismasi yako ya mwisho. Judy akagoma kumwimbia mtoto maneno hayo, ikabidi yaandikwe upya. Nyota ilikuja 1957, Sinatra alipomwomba Martin auchangamshe mstari ule wa kujikongoja kwa ajili ya albamu yake, A Jolly Christmas.

Nikarudi dukani. Kijana hata hedifoni hakuvua. "Mama, si ndiyo huo huo? Krismasi ni Krismasi." Nikamwambia siyo huo. Akamgeukia mteja mwingine: "Wazee wana mambo." Mimi! Mbele ya foleni nzima, na hela yangu kashaitia mfukoni.

Haya, haki yake nimpe. Sauti ni safi, haikwaruzi, na bei hakunipiga. Halafu kwenye folda ile ile, bila kuagizwa, katupia Sinatra mwingine, wa miaka ya 1940, kabla ya nyota, anayejikongoja kama Judy. Huo nimeurudia mpaka wenzangu nyumbani wamenuna. Nikiusikiliza hasira zinapoa, nikimkumbuka na zile hedifoni zinapanda upya.

Sirudi pale. Au nitarudi, maana Ella Fitzgerald wa 1960 bado namtaka, ila safari hii nausikiliza palepale kaunta, mwanzo hadi mwisho, na foleni isubiri.