Upasuaji wao sina neno, ila nesi wa mapokezi sijamsamehe

Nilijiambia nisiandike nikiwa na hasira. Miezi imepita na hasira ipo palepale, basi naandika hivyo hivyo.

Maumivu yalianza jioni, kitovuni, nikadhani tumbo limevurugika tu. Usiku wa manane yakahamia chini upande wa kulia, nikatapika, homa ikapanda. Mke wangu akanikimbiza hospitali. Mapokezi tulimkuta nesi mmoja, simu mkononi. Tumbo hakuligusa. Aliuliza nimekula nini, akanipa vidonge vya gesi, akanionyesha benchi. "Kaka, kaa pale usubiri. Mwanaume mzima unalia kwa gesi?"

Nikakaa nimejikunja, goti la kulia nimelivuta kifuani maana mguu ulikuwa haunyooki. Mbele yangu kulikuwa na kigae kilichomeguka pembe. Kigae kile nakijua kuliko sakafu ya chumbani kwangu. Kukaribia alfajiri maumivu yakakata, ghafla tu. Nikamshukuru Mungu. Nesi akapita, akaniona nimejinyoosha, akacheka: "Si nilikwambia? Gesi hiyo. Nenda nyumbani ukalale."

Hapo ndipo damu inaponichemka hadi leo. Ule haukuwa unafuu. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka! Kikiziba na kuvimba ndipo kinauma vile. Kikipasuka, mgandamizo unashuka na mgonjwa anaweza kupumua kidogo, kumbe usaha unamwagika tumboni. Baadaye maumivu yanarudi, safari hii tumbo zima. Anayepokea wagonjwa wa dharura alitakiwa ajue hilo kabla ya kujua kalamu inakaa wapi.

Mke wangu ndiye aliyegoma kuondoka. Alisimama mlangoni akapaza sauti mpaka daktari wa upasuaji, aliyekuwa ndio anaingia zamu, akaja kuangalia. Alinilaza, akabonyeza tumbo taratibu, kisha akaachia ghafla. Nilipiga ukelele alipoachia, si alipobonyeza. Tumbo lilikuwa limekakamaa kama ubao. Hakuuliza nimekula nini. Aligeuka tu na kusema, "Andaeni chumba cha upasuaji, sasa hivi."

Walinipasua katikati ya tumbo, wakakitoa, wakaosha ndani kwa lita kadhaa za maji ya chumvi, wakaacha mpira ubavuni wa kutolea usaha. Ngozi hawakuishona siku ile, wasije wakafungia uchafu ndani. Waliishona kidonda kiliposafika. Siku kadhaa nikaishi kwa dripu na antibayotiki, utumbo umelala, na kila asubuhi daktari anakuja na swali moja: "Umetoa hewa?" Siku niliyojibu ndiyo, alinipa mkono kama nimefaulu mtihani.

Nilipanga kuandika msikanyage pale. Siwezi. Kulikuwa na nesi wa zamu ya usiku, mama wa makamo, aliyelowesha shashi kwanza kabla ya kuibandua kidondani ili isinichune, na kila akivuta anasema, "Pole baba, bado kidogo." Yule mama na yule daktari ndio sababu niko hai. Ukiwa na mgonjwa wa tumbo, mpeleke kwao.

Hapana, ngoja. Mpeleke, lakini usimwache peke yake kwenye lile benchi. Na wakikwambia ni gesi bila kumgusa tumbo, usiondoke. Mimi nisingekuwa na mke mbishi, ningekwenda nyumbani kulala kama nilivyoambiwa.

Nilipokwenda kutolewa nyuzi nilimkuta palepale, simu mkononi. "Kaka, una shida gani?" Hakunikumbuka. Nikapandisha shati, nikamwonyesha mshono wote, kutoka juu ya kitovu hadi chini. Akautazama, akaniambia nikakae kwenye benchi.