TAHADHARI: Kuna tapeli wa trip za Daraja la Mungu na Kijungu, kanipiga laki nne na themanini

Wana Mbeya wenzangu nawaomba msome hii na muitupe kwenye magrupu yenu ya familia, maana tangu Jumamosi silali na mama yangu nashindwa hata kumwangalia usoni.

Ile trip niliyokuwa nawaambia tangu Pasaka ndo hiyo. Saa 12 kasoro asubuhi tuko Uyole pale tulipoambiwa Coaster itatupitia, mimi, mama, dada na watoto watano, na baridi ya Uyole mwezi wa sita mnaijua, wadogo nimewafunga vitenge viwili viwili, hotpot ya chapati mkononi, kale ka mwisho kamevaa boya la kuogelea juu ya sweta toka nyumbani kamegoma kulivua. Saa 12 na nusu napiga simu, "dada tunamalizia mafuta hapa Mwanjelwa, dakika kumi." Saa 1 na nusu, "tumepata pancha, tunafunga tairi." Saa 2 namba haipatikani. Kila Coaster ikitokea watoto wanaruka "mama ile!" halafu inapita. Tumesimama mpaka saa 4. Mama akaniuliza taratibu tu, "mwanangu, hela ulishatuma yote?" Nikanyamaza.

Jamani sikukurupuka. Tumeongea wiki mbili, hakuwahi kunisumbua hela. Voice note ya kwanza alimsalimia mama "mugonile", salamu ya Kinyakyusa, mama akafurahi akasema huyu ni mtoto wa nyumbani. Akanitumia video ya Kijungu, maji ya Kiwira yanavyozunguka ndani ya ule mwamba kama chungu, akaniambia niwashike watoto mikono pale kwa sababu kingo zinateleza, sasa tapeli gani anawaza usalama wa wanao? Halafu akataka majina yetu yote na umri wa watoto, eti kwa vile Kijungu kiko eneo la Chuo cha Magereza lazima aombe kibali mapema. Na kweli kiko huko, ndo maana nikamwamini. Ikaja tiketi ina muhuri wa bluu na wino umevuja pembeni. Nikatuma 480,000, hela yangu ya mchezo yote.

Kwa vile watoto walikuwa wanalia tukapanda daladala wenyewe mpaka Kiwira. Kufika Kijungu nakuta baba mmoja katoka Njombe na mke na watoto, kashika simu anamwonyesha kaka wa getini. Nikachungulia. Tiketi ileile, namba 0047 kama yangu, wino umevuja palepale. Mkewe akakaa chini kwenye majani akaanza kulia na mimi nikamfuata.

Huyu mtu akikamatwa asipewe dhamana! Amekula hela ya watoto, akae ndani mpaka alipe ya mwisho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, basi itumike kwake, tumechoka.

Vya kuangalia, nimeviona nimeshaliwa: jina lililotokea wakati wa kutuma hela lilikuwa la mwanamke, akasema ni mhasibu wao. Hana lipa namba wala ofisi. Aliniahidi Ngosi, Kijungu, Daraja la Mungu, Kaporogwe na Matema siku moja, na Ngosi peke yake mnapanda msituni kwa miguu, na mama yangu magoti yake mnayajua. Akasema pia watoto watapanda boti chini ya Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba la asili, jamani pale mto unapita kwa kasi kwenye mawe, boti ipite wapi! Hapo tu ningeshtuka. Na viingilio vya serikali mnapewa control number, hakuna kumtumia mtu binafsi.

Namba yake nimeshaituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, na ninyi mliotumiwa picha zake za trip fanyeni hivyohivyo ifungiwe kabla shule hazijafunguliwa, kwa sababu jana usiku picha zilezile zimewekwa tena na jina jipya, safari hii wanauza trip ya Iringa, Ruaha na Isimila.

Baba wa Njombe kama unaisoma hii, RB ya polisi ninayo, Jumatatu saa 3 narudi kituoni, njoo na ile meseji ya muamala.