Raba laini na raba ngumu: miezi minne ya kusimama kaunta

Nilipozibonyeza kwa dole gumba pale mnadani Karume, soli ya ndani ilizama kama godoro jipya, nikajua hizi ndizo zangu. Muuzaji naye aliniona nilivyotabasamu. Bei ikagoma kwenye shilingi 35,000.

Niseme kwanza kwamba raba hizi ni za mtindo wa skateboard, ule ubao wa kuteleza wenye magurudumu, ila ubao wenyewe sijawahi kuukanyaga. Nauza kwenye duka la dawa Kariakoo, nasimama masaa tisa mpaka kumi juu ya terazo, na hapo nimeshasimama ndani ya basi la mwendokasi toka Kimara mpaka Gerezani, maana kiti cha asubuhi ni bahati nasibu. Isitoshe nina unyayo bapa: nikitoka kuoga, alama yangu sakafuni inajaa yote, haina kiuno.

Hiyo pea ya kwanza ni ya turubai nyeusi, soli nyembamba, nembo ya pembeni imeshafutika. Wiki ya kwanza raha tupu. Nyepesi, zinapitisha hewa, na kwa joto la Dar hilo si jambo dogo. Wiki ya tatu mambo yakageuka. Ikifika saa nane mchana katikati ya unyayo panawaka moto, na asubuhi nikishuka kitandani hatua ya kwanza kisigino kinachoma kama nimekanyaga msumari. Nikawa nawauzia watu dawa ya maumivu huku na mimi naitamani.

Aliyenifumbua macho ni fundi viatu wa Kimara. Alikishika kiatu mbele na nyuma, akakipinda kama anakamua dekio. "Umeona, bosi? Kinakamulika. Kiatu kinatakiwa kikunjike hapa kwenye vidole, siyo hapa katikati."

Kumbe ndivyo vilivyokusudiwa. Mtindo huu umekulia California, ambako kampuni ya viatu ya Vans ilifungua duka lake la kwanza mjini Anaheim mwaka 1966. Wale vijana wa ubao walitaka soli bapa inayong'ang'ania mbao, na nyembamba kiasi cha mguu kuusikia ubao. Soli ya namna hiyo hubandikwa kwenye turubai, ikazungushiwa utepe wa mpira, kisha kiatu kizima kikaokwa. Inakunjika vizuri sana. Ila muuza dawa hana haja ya kuisikia terazo.

Pea ya pili nikaenda na mtihani wa fundi kichwani. Nilikamua viatu vya watu mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au nafua. Nikapata za ngozi, soli yake imefinyangwa kama bakuli, mguu unakaa ndani, na ukingo umeshonwa kuzunguka. Shilingi 60,000, akakataa kushuka. Siku kumi za mwanzo zilinitafuna nyuma ya kisigino, nikawa mteja wangu mwenyewe wa plasta. Ni nzito, na ule ulimi wake wenye sponji unafuga jasho; jioni soksi unaweza kuzikamua. Lakini saa kumi inafika nimesimama sijui hata kama nina miguu. Kile kisigino cha asubuhi kilichukua kama wiki tano kutulia.

Nilijaribu pia kuziokoa zile za turubai. Fundi alichomoa soli ya ndani (kwenye raba nyingine imegundishwa, ukiivuta inachanika) akaweka ngumu kidogo yenye kinundu katikati. Maumivu yalipungua karibu nusu, ila kiatu kikabana juu ya mguu kwa sababu nafasi yenyewe ilikuwa ndogo. Kama unapanga kufanya hivyo, chukua namba moja zaidi, na ujaribu jioni mguu ukiwa umeshavimba, siyo asubuhi.

Sasa hivi za turubai ni za Jumapili na safari za karibu, na hapo sina neno nazo: zinapendeza na jinzi kuliko zile ngumu, hilo mke wangu ameshalisema mara tatu. Kazini naenda na bakuli. Namba 43 ya pili nimeshamwagiza yule muuzaji wa Karume, akifungua robota jipya atanipigia, na nimemwambia kabisa kwamba nitakuja kukamua.