Uzoefu wangu na EMDR, ile tiba ya kusogeza macho, baada ya ajali ya basi
Niseme mapema tu, EMDR imenisaidia, tena sana, ila si kama zile stori eti unaangalia kidole kikienda huku na huku halafu unaamka umesahau kila kitu. Hulazwi usingizi, uko macho na akili zako timamu muda wote, na mimi mpaka leo ajali yangu naikumbuka mwanzo mwisho.

Lilikuwa basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi, tumeshapita Mtito Andei, tukavaana na lori. Mkono ulivunjika ukapona, kichwa ndo hakikupona. Nikisikia tu harufu ya dizeli mwili wote unakaza, usiku namsikia yule mama wa siti ya nyuma akimwita mwanawe, hata matatu ya kwenda tao nilikuwa nashuka njiani nimalizie kwa miguu. Nimeombewa, nimepewa dawa za usingizi, ushauri nasaha pia nimeenda na ulisaidia kiasi, lakini kila nikisimulia narudi mle mle ndani ya basi.

Mtaalamu niliyempata ni mwanasaikolojia aliyesomea EMDR yenyewe. Vikao vya mwanzo hatukugusa mambo ya macho kabisa, aliuliza historia yangu, nalala vipi, naishi na nani, akanifundisha kujituliza na kuchagua mahali akilini ambapo najihisi salama, mi nikachagua barazani kwa nyanya yangu Kilifi. Kuna watu wanaona hapo pesa inapotea bure, mimi naona bila hiyo nisingeweza yaliyofuata.

Siku ya kazi yenyewe akaniambia, "Dada, ukizidiwa nyanyua mkono, tunasimama hapo hapo." Nikashika picha moja mbaya kuliko zote pamoja na lile neno ninalojiambia nikiiona, siko salama, akauliza kutoka 0 mpaka 10 inaniumiza kiasi gani, nikasema 9. Akaanza kupitisha vidole viwili mbele ya uso wangu, kushoto kulia, kichwa kimetulia macho tu ndo yanafuata, kidogo hivi anasimama, "vuta pumzi, nini kimekuja?" nasema chochote, "haya, endelea na hicho." Basi. Akili inaruka yenyewe. Mkono ule uliovunjika ukaanza kuuma pale pale kitini, nikalia, halafu akanijia akilini mwanamume mmoja mwenye tochi ya simu mdomoni, ndiye aliyenivuta dirishani siku ya ajali, na mimi huyo mtu nilikuwa nimemsahau kabisa! Miaka yote nilikuwa nakumbuka kama niliachwa peke yangu mle ndani.

Aliyeianzisha tiba hii ni Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1987, utafiti wake ukatoka 1989, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye mapendekezo yake ya mwaka 2013 kwa watu wenye kiwewe. Maelezo niliyoyaelewa mimi ni kuwa akili ikibeba kumbukumbu huku inafuata vidole inaelemewa, ile picha inapoteza makali. Wataalamu bado wanabishana kama macho ndo yanayofanya kazi hasa, na wengine hutumia sauti za zamu kwenye masikio, mimi macho yalipochoka tukahamia kugongagonga magoti na ikaendelea vizuri tu.

Ubaya wake, unatoka umechoka kama umelima shamba, ndoto zinakuja kwa fujo siku zinazofuata, usipange kurudi ofisini siku hiyo. Na ni ghali, bima yangu ilikataa kulipa, nimetoa mfukoni. Ila ile picha sasa nikiipima ni 1, na basi napanda, siti ya dirishani, nakaza kidogo tukipishana na malori usiku halafu inapita.

Kabla ya huyu kuna mwingine nilienda, dakika kumi za kwanza tu kidole usoni, hajauliza chochote, nilitoka natetemeka wiki nzima. Kwa hiyo muulize mtu amesomea wapi EMDR na nani anamsimamia, na zile video za kujifanyia mwenyewe chumbani achana nazo kabisa kwa kumbukumbu nzito. Kama una kifafa, au huwa unapotea akilini usijue uko wapi, mwambie kabla hamjaanza, maana hapo anabadilisha namna ya kwenda na wewe.